Paa ya gari si depo: kilo za juu, na namna ya kuchagua fundi wa galeri



Mu mkutano wa mwezi uliopita, mdogo wetu mmoja aliuliza: "Bakubwa, nimenunua Probox, nataka kuiwekea galeri. Fundi gani ni mzuri, na ni bei gani?" Majibu yalikuja mbio. Huyu anataja fundi wa Kimemi, yule wa Bulengera, mwingine anasema kule Beni ni rahisi zaidi. Majina mengi, bei nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: utabeba nini juu ya hiyo gari?

Mimi nilisoma agronomia, si mekanika. Lakini mizigo ya shamba haitembei yenyewe. Siku tunamaliza licence, walitufundisha kuzalisha. Namna ya kufikisha mazao ku soko tulijifunza kwa hasara. Mu hii hasara njo nataka kuwaelezea leo kitu kimoja: paa ni fasi ya gari ambako kilo moja inagharimu kuliko fasi ingine yote. Ukielewa hiyo, utajua pia fundi wa kumkimbia ni yupi.

KUNA WANAOLIPA ILI WAPUNGUZE KILO JUU

Tuanzie mbali kidogo, kiisha tutarudi kwetu.

Kuna rafiki yetu anapenda magari kupita chakula. Siku moja alinionyesha video ya fundi wa Ulaya anakata paa ya chuma ya gari nzima, isiyo na ugonjwa, anaweka ingine nyeusi ya karboni. Nikacheka. Nikamwambia: hawa watu wamekosa kazi. Kumbe mimi njo sikuelewa.

Karboni hiyo ni nyuzi nyembamba sana, zinafumwa sawa kitambaa, zinalowekwa mu gundi inayoitwa rezini, kiisha zinakaushwa kwa joto mpaka zinakuwa ngumu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.8. Ya aluminiamu ni gramu 2.7. Ya karboni na rezini yake ni karibu gramu 1.6. Kwa hiyo pano ya karboni inaweza kuwa na nguvu lakini ikawa nyepesi sana. BMW iliweka paa ya namna hiyo ku gari yake M3 CSL ya mwaka 2003.

Sasa jiulize: kwa nini ku paa? Gari ina fasi nyingi za kupunguza uzito. Kilo walizookoa pale juu ni chache tu, hazifiki hata nusu ya mfuko wa simenti. Lakini kilo ya juu na kilo ya chini si ndugu. Kilo ya chini inakandamiza gari ku barabara. Kilo ya juu inavuta gari kupinduka. Wao wanalipa pesa nyingi ili waondoe kilo chache ku paa. Siye tunalipa fundi ili tuongeze kilo mia mbili fasi ile ile.

Mbele mtu aniulize: je, hiyo karboni ingetufaa huku? Jibu langu ni hapana. Paa ya karboni haichomewi, inabandikwa kwa gundi maalumu. Fundi anapashwa kutoboa pointi zote za kiwanda zinazoshika paa ya zamani, kusafisha chuma mpaka iwe tupu, kupaka dawa, kuweka gundi ya unene unaofaa, kisha kuishikilia bila kutikisika mpaka ikauke vizuri. Karboni ikigusana na chuma tupu na maji yakiingia, chuma inakula kutu haraka. Jua nalo linaharibu rezini kama vernisi ya juu imechakaa. Na kitu cha mwisho: juu ya paa ile hauwezi kufunga galeri, wala kutupa mfuko wa mbatata. Paa ya gari inasaidia pia kushikilia bodi nzima, na gari ikipinduka, inachunga vichwa vya watu. Ukiikata vibaya, umeharibu gari yote. Kwa hiyo hiyo karboni tuiachie wenye mashindano. Lakini somo lake tulichukue.

HESABU YA SIKU YETU MBAYA

Mwaka 2023 tulikuwa watatu, tumechanga pesa, tumenunua Probox ya okazio. Mpango wetu ulikuwa mwepesi: tuchukue mashu na mbatata upande wa Masereka, tushushe Beni, kurudi, tupande na mafuta ya mawese. Butembo iko juu ku vilima, Beni iko chini, kila upande una kile mwingine hana. Kilomita 54 tu kati ya miji hizi mbili. Tuliona utajiri uko mlangoni.

Tulienda kwa fundi mmoja tuliyeambiwa ni rahisi. Sitataja jina lake wala fasi yake, kwani kosa lilikuwa letu pia. Hakuuliza kitu. Alisema bei, tukakata bei, akaanza. Alitumia chuma za mraba zenye tundu ndani, zile tunaita tibu kare, za milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. "Hii ni solide," akasema. Tukafurahi. Miguu ya galeri akaichomea moja kwa moja ku bati ya paa.

Hesabu ambayo hatukufanya siku ile ni hii. Tibu kare ya 40 yenye unene wa 2 ina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa kila mita. Fundi alitumia mita 16. Kwa hiyo galeri peke yake, bila hata shu moja, ilikuwa kilo 38. Gari nyingi ndogo, kiwanda chake kinaruhusu ku paa kilo kati ya 50 na 100 tu, na uzito wa galeri unahesabiwa ndani. Tuseme yetu ilikuwa inaruhusiwa 75. Galeri imekwisha kula nusu, mzigo haujapanda.

Siku ile tulipandisha mifuko ine ya mashu, kila mfuko karibu kilo 60. Jumla, pamoja na galeri, kilo 278.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Gari ina kilo 1,100. Kila gari iko na kitovu cha uzito, ni kusema fasi ambako uzito wote ni kama unakutania. Kwa gari ndogo, tuseme kiko sentimita 55 juu ya udongo. Mzigo wa juu, katikati yake iko mita 1.75. Chukua 1,100 mara 0.55, ongeza 278 mara 1.75, gawanya kwa jumla ya kilo 1,378. Unapata mita 0.79. Kitovu kimepanda sentimita 24, karibu urefu wa mguu wa mtu kutoka kisigino mpaka kidole.

Sentimita 24 ni kitu gani? Idara ya usalama wa barabara ya Marekani iko na kipimo cha kujua gari gani ni rahisi kupinduka. Unachukua nusu ya upana kati ya pine ya kushoto na ya kuume, unagawanya kwa urefu wa kitovu. Namba ikiwa kubwa, gari imesimama vizuri. Ikishuka karibu ya 1, uchunge. Upana wa mfano wetu ni mita 1.45, nusu yake 0.725. Gari tupu: 0.725 gawanya kwa 0.55, ni 1.32. Gari yenye mashu juu: 0.725 gawanya kwa 0.79, ni 0.92. Tumetoka ku gari ya kawaida, tumeingia ku kitu kinachongoja tu shimo moja au kona moja ya mbio.

Na bado kuna breki. Ukifunga breki kwa nguvu, mzigo wa juu unataka kuendelea na safari. Unasukuma galeri mbele kwa nguvu inayoweza kupita nusu ya uzito wake. Kwa kilo 278, ni kama watu wawili wazima wanasukuma miguu ine ya galeri kwa mara moja.

Karibu ya Maboya, mu mteremko, mbuzi akakata barabara. Shofere wetu akafunga breki. Miguu miwili ya mbele ikang'oka na kipande cha bati ya paa, galeri ikateleza, ikavunja kioo cha mbele, mashu yakajaa barabara. Mungu alisaidia, hakuna mtu aliyekufa. Shofere alikatwa mkono kidogo. Lakini mifuko miwili kati ya ile ine haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyetuamini kwa sababu sisi ni "batoto ba université". Ilikuwa pesa ya masomo ya watoto wake. Mashu yaliyopasuka hakuna anayenunua. Tulimlipa kwa miezi mitatu, kidogo kidogo. Kila mara nikimpelekea pesa ananiambia, "Aksanti mutoto wangu," na mimi nasikia haya kuliko angenitukana.

Bati ya paa ni nyembamba, haifiki hata milimita moja. Iliundwa kuzuia mvua, si kushikilia miguu ya chuma. Na pale moto wa kuchomea ulipopita, rangi iliungua, kutu ikaanza kwa ndani fasi hatuoni. Mvua mbili tatu, paa ilikuwa imekwisha kuwa biskuti.

MZEE ALIYEKATAA PESA YETU

Tulipotaka kutengeneza tena, tulitumwa kwa mzee mmoja wa Mususa. Nikamwambia: "Papa, tunataka galeri. Ni bei gani?"

Akaniangalia. "Mutoto wangu, mbele ya bei, uniambie utabeba nini."

"Mashu, Papa. Mbatata pia."

"Mbatata juu?"

"Ndiyo."

"Basi uende kwa mwingine. Mimi sitengeneze sanduku la maiti."

Ni pale nilielewa. Fundi mzuri si yule mwenye bei ndogo, wala yule mwenye chuma nene. Ni yule anayeogopa uzito kabla yako. Tulikaa naye karibu saa nzima tukiongea mzigo, barabara na namba ya safari kwa wiki. Kiisha akatengeneza galeri ya chini, ya tibu kare ya milimita 25 yenye unene wa 1.5, mita 12. Hiyo ni kilo 1.1 kwa kila mita, jumla kilo 13 na kidogo. Tumebakiza zaidi ya kilo 60 za mzigo, na hatupiti pale.

Tangu siku hiyo nimeuliza mashofere na mafundi wengine, na nimeweka pamoja mambo haya. Mtu anayetafuta fundi wa galeri ayaangalie moja moja.

1. Anauliza mbele ya kupima. Utabeba nini, kilo ngapi, barabara gani, mara ngapi? Fundi anayetoa bei bila kuuliza anauza chuma, hauzi kazi.

2. Miguu anaiweka wapi? Gari za zamani, Hiace nyingi na Land Cruiser, ziko na mfereji wa chuma ku pembe za paa. Miguu inashika pale, kwa vibano na mabulo. Gari zisizo na mfereji, zingine ziko na fasi za kiwanda zilizofichwa chini ya mkanda wa plastiki, zingine zinashikwa ku ukingo wa mlango. Pembe zile njo ziko na nguvu. Fundi akikuambia atachomea katikati ya bati, muage kwa heshima uende.

3. Anachomea wapi? Galeri inachomewa chini, mbali na gari, kisha inapandishwa na kufungwa. Ikipashwa kuchomewa kitu chochote ku gari yenyewe, lazima achomoe batri kwanza, juu umeme wa kuchomea unaweza kuharibu alternatere na ubongo wa umeme wa gari. Na chini ya paa kuna kitambaa na sponji; cheche moja inatosha.

4. Uangalie mshono wake. Mshono mzuri uko sawa, umeingia ndani ya chuma zote mbili, unazunguka kona. Mshono mbaya uko matone matone sawa mavi ya kuku: kwa juu inaonekana imeshika, kwa ndani ni hewa. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, hata fundi mzuri anakosea. Umuulize anafanya nini siku umeme ni dhaifu. Akisema "nangoja", ni jibu zuri.

5. Uone kazi yake ya zamani, si ya jana. Galeri mpya yenye rangi inang'aa haionyeshi kitu. Uende parking, umuulize shofere mwenye galeri ya huyo fundi ya mwaka moja: imepasuka wapi? Maji yanaingia? Mabulo yanalegea? Shofere hana sababu ya kukudanganya.

6. Antiruye mbele ya rangi. Kwetu mvua iko na misimu miwili kwa mwaka, na kati yake pia inanyesha. Tibu kare inapashwa kufungwa ku ncha, maji yasiingie ndani yakakaa. Chini ya kila mguu kuwe na kaucho.

7. Karatasi. Hata karatasi ya daftari. Kazi gani, chuma ya kipimo gani, bei, avansi, siku ya kumaliza, na kama mshono ukipasuka mu miezi fulani atarudilia bure. Watu wengi kwetu wanaona ni kumtukana fundi. Yule mzee aliandika yeye mwenyewe, mbele sijasema.

Na kisha: baada ya safari ya kwanza, kilomita kama 50, rudia kukaza mabulo yote. Ukifika Beni kutoka Butembo, njo saa ya kushika ufunguo.

NAMNA YA KUPAKIA

Galeri nzuri mu mikono ya mtu mwenye tamaa inakuwa mbaya. Hapa nasema sasa sawa mtu wa agro.

Kizito kikae chini, ndani ya gari, karibu ya katikati. Mbatata, bidoni za mawese, kakao iliyokauka: ndani. Juu uweke kile chenye ukubwa lakini hakina uzito: mifuko mitupu, vikapu, magodoro, majani. Shu moja ni nyepesi, lakini mfuko wa mashu si mwepesi. Uupime, usidanganyike na macho. Nunua mizani ya kutundika, ni pesa kidogo kuliko kioo cha mbele.

Funga kwa kamba mu njia mbili, upande kwa upande na mbele kwa nyuma, kwani breki inavuta mbele na kona inavuta kando. Shitingi ikazwe isipige upepo, lakini uache hewa ipite kwa mboga. Mboga iliyofungwa kabisa mu jua inapika mbele ya kufika.

Na juu ya mzigo asipande mtu. Najua, sisi wote tumepanda. Najua pia mu barabara yetu kuna saa ambazo mtu hapendi kubaki nyuma, giza inaingia na hajui nini kitatoka mu miti. Lakini mtu mzima ni kilo 70 zinazokaa fasi ya juu kabisa, na hana kamba. Na gari iliyozidiwa njo ile inayoharibika saa kumi na moja ya jioni, fasi ambako hakuna mtu anataka kusimama.

KWA MDOGO WETU

Tunaongea lami, na ni vizuri. Mradi wa Kongo na Uganda uliozinduliwa mwaka 2021 umehesabu kilomita 80 za Kasindi–Beni na hizi 54 za Beni–Butembo. Kila mkulima wa huku anangoja barabara nzuri. Lakini barabara nzuri inaongeza mbio, na mbio ikikutana na kilo 278 ku paa, ni mbaya kuliko matope. Mu matope gari inakwama. Ku lami inapinduka.

Kwa hiyo, mdogo wetu mwenye Probox, utusamehe kwa kukupa majina na bei. Kwanza pima mzigo wako. Pili toa uzito wa galeri ku kile kiwanda kimeruhusu. Hesabu ikikuonyesha kwamba unataka kubeba kilo mia mbili, jibu si fundi mwingine. Jibu ni kuchangia na wenzako gari ya mizigo, au kufanya safari mbili. Ikikuonyesha kilo hamsini au sitini, basi enda kwa fundi, nyamaza kidogo, ungoje. Kama swali lake la kwanza ni "utabeba nini?", umefika. Kama ni "uko na ngapi?", endelea kutembea.

Mama yule wa mashu bado anatupa mizigo yake. Sasa anaipima mwenyewe mbele ya kutupa. Na akiona mfuko mmoja tu juu ya paa, anauliza: "Huu uko na kilo ngapi, mutoto wangu?" Anatushinda sisi wote kwa licence.